Seramu Kwanza, Mashine Baadaye

Mashine zinazopima homoni na viashiria vya magonjwa kwa kutumia kingamwili, kama Cobas e411, humaliza kazi kubwa zenyewe. Huvuta sampuli, huichanganya na kitendanishi, husubiri, kwa vipimo vingi kama dakika 18, kisha husoma mwanga na kuandika namba. Jibu likitoka la ajabu, wengi hukimbilia kumpigia fundi. Mimi nakushauri uanze na tyubu.

Damu iliyo kwenye tyubu ya kifuniko chekundu iache isimame wima kwa dakika 30 mpaka igande sawasawa. Foleni ikiwa ndefu, mtu hutamani kuizungusha baada ya dakika 10. Usithubutu. Damu ambayo haijamaliza kuganda huendelea kuganda ndani ya seramu hata ikishatoka kwenye sentrifuji, ikaacha nyuzi za fibrini. Mgonjwa anayetumia heparini au warfarini, damu yake huhitaji muda zaidi. Baada ya kuzungusha, inua tyubu kwenye mwanga na uiinamishe polepole. Ukiona kitu chembamba kama utando wa buibui kinaelea, kitoe kwa kijiti safi, uzungushe tena. Kikiingia kwenye sindano ya mashine, sampuli huvutwa pungufu. Pengine utapata alamu, pengine hutaipata, na jibu bovu litaenda wodini. Kwenye troponini, fibrini inaweza hata kupandisha jibu, mtu akalazwa kwa shambulio la moyo ambalo hana.

Povu nalo liangalie. Sindano hutambua usawa wa kimiminika kwa kugusa uso wake, hivyo inaweza kudhani povu ni seramu. Liondoe kwa ncha mpya ya pipeti kwa kila tyubu. Vitendanishi vikitoka kwenye friji visitikiswe, kwa sababu hiyo hiyo.

Kontroli pima kila asubuhi kabla ya sampuli ya kwanza ya mgonjwa, ya chini na ya juu. Ikivuka SD 3, au ikivuka SD 2 upande ule ule mara mbili mfululizo, simamisha kipimo hicho na utafute chanzo: kitendanishi kilichokaa sana, loti mpya ambayo haijafanyiwa kalibresheni, au kontroli yenyewe iliyoyeyushwa vibaya. Kuirudia rudia mpaka ipite ni kujidanganya, na anayeumia ni mgonjwa.

Kuna kosa ambalo kontroli haiwezi kulionyesha, nalo ni biotini. Kwenye mashine nyingi za aina hii, biotini ndiyo inayoshikisha kingamwili kwenye chembe ndogo za sumaku. Mgonjwa akiwa na biotini nyingi kwenye damu, hiyo yake huwahi nafasi. Matokeo yake TSH hushuka, FT4 hupanda, na karatasi inasomeka kama tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Mwili huhitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, lakini vidonge vya kurembesha nywele na kucha vinaweza kuwa na miligramu 5 hadi 10. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa ya kifo cha mgonjwa ambaye troponini yake ilisomeka chini kwa sababu hiyo.

Ukimwuliza mama, “Unatumia dawa gani?” atakujibu hatumii, kwa kuwa vidonge vya nywele havihesabu kuwa dawa. Mwulize hivi: “Mama, unameza vidonge vyovyote vya nywele, kucha au ngozi?” Akikubali, aviache angalau siku 2 kisha achukuliwe damu upya. Watengenezaji wameboresha vitendanishi vingi tangu wakati huo, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi la loti unayotumia, si ile ya zamani iliyobandikwa ukutani.

Jambo la mwisho ni homoni iliyozidi mno. Kwenye mimba zabibu hCG inaweza kuwa nyingi kiasi cha kuzijaza kingamwili zote, jibu likatoka dogo. Daktari akikuambia tumbo la mgonjwa na namba yako havilingani, zimua sampuli mara 100 kwa diluenti ya kipimo hicho, upime tena, uzidishe, halafu umpigie simu kabla ya kutuma karatasi.