"Breki Imefeli": Lugha ya Dereva, Fundi na Taa za Onyo katika Gari la Mseto Lililozeeka

Ikisiri

Makala hii inachunguza maneno ambayo madereva hutumia kueleza hitilafu za breki katika magari ya mseto yaliyozeeka, kwa kurejelea mazingira ya Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria. Hoja yetu ni kwamba kitenzi "kufeli" huficha hali nne zilizo tofauti kabisa, na kwamba kila mojawapo humtaka dereva kuchukua hatua yake. Kiswahili hakikosi maneno ya kuzitenganisha hali hizo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Kakamega kuja Kisumu, akishapita Kiboswa, hufika Riat, mahali ambapo barabara huanza kuteremka kuelekea Mamboleo na Kondele. Kutoka huko juu huonekana mji wote, na nyuma ya mji huonekana Ghuba la Winam. Ni mahali panapopendeza macho na kuzitaabisha breki.

Katika mteremko huo ndipo mhadhiri mwenzetu mmoja alipopatwa na mkasa uliozaa makala hii. Gari lake ni la mseto, na aliletewa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Kwa muda wa wiki mbili taa ya njano ilikuwa ikiwaka mbele yake, naye akaizoea. Siku hiyo taa nyekundu iliungana na ile ya njano, na mlio mkali ukasikika ndani ya gari. Alipokanyaga breki aliiona pedali ngumu. Akafanya kama alivyofundishwa zamani alipokuwa akijifunza kuendesha pikapu: akaipampu pedali kwa haraka. Kila alipokanyaga, ilizidi kuwa ngumu. Hatimaye aliikandamiza kwa miguu yote miwili bila kuachia, gari likapunguza mwendo, akaliegesha kando ya barabara akiwa ameloa jasho.

Gari lilipovutwa hadi kwenye gereji ya jua kali, mazungumzo yalikuwa haya:

"Fundi, breki imefeli."

"Pole, mwalimu. Imefeli vipi? Inazama mpaka chini ama imekuwa ngumu?"

"Nimekwambia imefeli."

"Sawa, mwalimu, lakini hiyo ni kama kuniambia mtoto ni mgonjwa. Niambie anaumwa wapi."

Jibu hilo la fundi ni somo la semantiki. Mtaalamu wa lugha alitumia neno moja pana. Fundi, ambaye hakudai utaalamu wowote wa lugha, alitambua kwamba neno hilo halikubainisha maana. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali la fundi.

2.0 Mseto, Chotara au Haibridi?

Kabla ya kuzungumzia breki, hatuna budi kukubaliana juu ya jina la gari lenyewe. Mitaani husikika "haibridi", neno lililokopwa na kutoholewa. Baadhi ya wanafunzi wetu hupendekeza "gari chotara", kwa kufuata mfano wa mahindi chotara. Katika makala hii tumechagua "gari la mseto", na sababu yake ni ya kimaana.

Chotara ni kiumbe mmoja aliyezaliwa na wazazi wa asili mbili. Ndani yake hakuna awezaye kuwatenganisha baba na mama. Mseto, kwa upande mwingine, ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja: huliwa kama kitu kimoja, lakini macho bado huuona mchele na kuiona choroko. Gari hili liko hivyo. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, kila moja ikiwa kamili, na kompyuta huamua ni ipi ifanye kazi na kwa wakati gani. Kama tutakavyoona, hata breki zake ni za mseto.

Gari la kwanza la namna hii kutengenezwa kwa wingi ni Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997. Toleo la pili lilitoka mwaka 2003 na la tatu mwaka 2009. Toyota Aqua ilifuata mwishoni mwa mwaka 2011. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Kwa hiyo gari hufika kwetu likiwa tayari limeonja utu uzima, na uzee wake huukamilishia hapa, katika barabara zetu na mikononi mwa mafundi wetu.

3.0 Breki ya Gari la Mseto Hufanyaje Kazi?

Katika gari la kawaida, mguu wa dereva husukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo huzibana pedi kwenye diski. Nguvu ya mguu peke yake haitoshi, hivyo huongezewa na ombwe linalotokana na injini inayozunguka. Gari la mseto haliwezi kutegemea mpango huu, kwa kuwa mara nyingi injini yake huwa imezimwa wakati gari likiwa mwendoni.

Kwa sababu hiyo lina njia mbili za kupunguza mwendo. Njia ya kwanza ni ya umeme: dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, ikayapunguza magurudumu kasi na kurudisha umeme kwenye betri. Njia ya pili ni ya mafuta ya breki. Katika magari kama Prius, pampu ndogo ya umeme huyasukuma mafuta hayo hadi kwenye hifadhi ya shinikizo, nayo kompyuta huyagawa kwa magurudumu kulingana na mkanyago wa dereva. Mlio mfupi unaosikika dereva anapofungua mlango asubuhi, kabla hata hajaliwasha gari, ni wa pampu hiyo ikijaza hifadhi yake.

Gari likizeeka, shinikizo huanza kuvuja ndani kwa ndani na pampu hulazimika kufanya kazi mara kwa mara. Pampu inayolia kila baada ya sekunde chache wakati gari limesimama inasema kwamba imechoka. Shinikizo likishuka kupita kiasi, msaada hukatika. Hapo mguu wa dereva huunganishwa moja kwa moja na breki za magurudumu, na katika baadhi ya magari hayo na yale ya mbele tu. Breki bado zipo, lakini hudai nguvu nyingi na umbali mrefu wa kusimama.

Matatizo ya aina hii yamekwisha kukiriwa na watengenezaji wenyewe. Mwezi Juni 2013 kampuni ya Toyota iliyaita karakanani magari yapatayo 242,000 ya Prius na Lexus HS 250h, kwa kuwa hifadhi ya shinikizo ingeweza kupata ufa na kuruhusu gesi ya naitrojeni kuingia katika mafuta ya breki.

4.0 Kitenzi "Kufeli" na Upungufu Wake

"Kufeli" ni neno la mkopo lililozoeleka zaidi katika chumba cha mtihani. Huko mtu hufaulu au hufeli; hakuna hali ya tatu. Neno hilo lilipohamia barabarani lilikuja na mantiki hiyo ya pande mbili, ilhali breki haina pande mbili tu. Mguu wa dereva huhisi mambo manne, na Kiswahili kina kitenzi au kirai kwa kila jambo.

(a) Breki inazama. Pedali hushuka hadi chini bila ukinzani. Aghalabu mafuta ya breki yanavuja au hewa imeingia katika mabomba. Hapa ndipo kupampu pedali kunaweza kusaidia, na hapa ndipo shauri hilo la wazee wetu madereva lilipozaliwa.

(b) Breki imekuwa ngumu. Pedali hukataa kushuka kwa sababu msaada umekatika. Katika gari la mseto, kupampu kunamaliza shinikizo lililobaki katika hifadhi. Dereva anapaswa kukandamiza kwa nguvu zote bila kuachia. Mwenzetu wa Riat alikuwa katika hali hii, akatumia dawa ya hali (a). Kosa hilo lilikaribia kumgharimu maisha.

(c) Breki inateleza. Dereva anapunguza mwendo taratibu, gurudumu linapita juu ya tuta au shimo, na kwa nukta moja gari huonekana kuponyoka mbele. Hapo breki ya umeme imeachia na ile ya mafuta inashika zamu. Mwezi Februari 2010 magari ya mseto yapatayo 437,000 ya Toyota yaliitwa karakanani duniani kote ili programu ya breki irekebishwe kwa sababu ya malalamiko ya namna hii. Dereva hana budi kuendelea kukanyaga. Asiondoe mguu kwa hofu.

(d) Breki imeshika. Gurudumu halizunguki kwa wepesi hata baada ya mguu kuondolewa. Kwa kuwa breki ya umeme hubeba sehemu kubwa ya kazi, pedi na diski hazitumiki sana, na vyuma visivyotumika huota kutu na kukwama.

Msomaji ataona kwamba maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote. Kuzama, kuwa ngumu, kuteleza na kushika ni Kiswahili cha kila siku. Istilahi nzuri wakati mwingine hupatikana kwa kusikiliza, si kwa kubuni.

5.0 Taa za Onyo kama Mfumo wa Ishara

Katika elimu ishara tunafundishwa kutofautisha kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano baina yao ni wa makubaliano. Dashibodi ni mfano mzuri. Alama ya breki, yaani duara lenye alama ya mshangao katikati na tao kila upande, ni ya kimataifa. Shirika la Kimataifa la Viwango limeorodhesha alama za aina hiyo katika kiwango ISO 2575. Picha hiyo yaweza kuonekana kwa rangi nyekundu au ya njano, na hapo ndipo sarufi yake inapoanza.

Tunaweza kusema kwamba picha hufanya kazi ya nomino, nayo rangi hufanya kazi ya kitenzi. Picha inataja kitu: breki. Rangi inataja hali ya kauli. Nyekundu ni amri: "Simama!" Njano ni tahadhari: "Angalia, jambo fulani haliko sawa." Nyekundu ikiwaka, kwanza dereva ahakikishe kwamba breki ya kuegeshea imeachiwa, ikiwa imeachiwa na taa bado inawaka, asimame mahali salama wala asiendelee na safari. Njano ya ABS ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki za msingi bado zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga katika barabara yenye utelezi. Ikiambatana na pampu inayolia mara kwa mara, basi ni mjumbe wa nyekundu, na dalili ya mvua ni mawingu. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja wakati wa kuwasha gari, huenda shida ikawa betri ndogo ya volti 12 iliyodhoofika. Hata hivyo, fundi ndiye wa kuthibitisha hayo kwa kompyuta.

Kuna kikwazo kimoja cha lugha ambacho hatuwezi kukipuuza. Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani huzungumza Kijapani. Kila asubuhi sauti ya kike hutamka sentensi ambayo madereva wengi wameikariri bila kuielewa. Mara nyingi inaarifu tu kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijaingizwa. Habari hiyo haina maana yoyote kwa mtu wa Kondele au Dunga. Madhara yake ni ya kisaikolojia: dereva huzoea kutosikiliza. Siku gari litakaposema jambo zito, litakuwa linazungumza na mtu aliyekwisha kuziba masikio.

Baya zaidi ni desturi ya "kufuta taa". Msimbo wa hitilafu unafutwa kwa kompyuta, au betri inatolewa na kurudishwa, gari likauzwa likiwa na dashibodi safi. Kwa lugha ya elimu ishara, kiashiria kimeondolewa lakini kiashiriwa kimebaki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa atakayeumbuliwa ni mnunuzi asiyejua lolote, pamoja na abiria wake na waendao kwa miguu.

6.0 Hitimisho

Gari la mwenzetu lilibadilishiwa kifaa kizima cha pampu na hifadhi ya shinikizo. Gharama haikuwa ndogo, na kazi haikuwa ya spana peke yake: kutoa hewa katika mfumo wa aina hii huhitaji kompyuta ya kuiamuru pampu. Fundi alimweleza kwamba lau angekuja wakati wa taa ya njano, asingefika Riat katika hali ile. Lakini angekuja akasema nini? Hakuwa na neno.

Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Hadhi hiyo haitakamilika iwapo lugha itaishia katika mihadhara na hafla, huku dereva akishindwa kumweleza fundi kile ambacho mguu wake umehisi. Tunapendekeza wanafunzi wa Kiswahili waende katika gereji za Kisumu, Homa Bay na Siaya wakayakusanye maneno ya mafundi, ikiwa ni pamoja na yale yanayochanganyika na Dholuo, kisha wayapange na kuyafafanua. Mafundi wanayo maneno. Sisi tunazo kalamu. Tukikutana, huenda tukaokoa zaidi ya lugha.

Zoezi

1. Kwa kutumia mifano, tofautisha maana ya "mseto" na "chotara". Je, unakubaliana na uteuzi wa mwandishi?

2. Tembelea gereji iliyo karibu nawe. Orodhesha vitenzi vitano ambavyo mafundi hutumia kuelezea breki, na ueleze kila kimoja humtaka dereva afanye nini.

3. "Katika dashibodi, rangi ndiyo kitenzi." Jadili.