Kila Kiini na Hesabu Yake: Kwa Wanaojifunza Kerneli Lamu

Simu ya Android unayoitumia gatini Mokowe inaendeshwa na kerneli ya Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ndani ya simu hiyo huenda mna viini 8 vya prosesa. Vyote hufanya kazi kwa pamoja, na vyote vina mambo ya kuhesabu, kama vile pakiti za intaneti zilizoingia.

Vikiandika kwenye hesabu moja, vitangojana. Ni sawa na mashua zote za Mokowe na Amu kutumia daftari moja la abiria: nahodha haondoki mpaka limfikie. Daftari hilo ni kipande cha kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa), mara nyingi cha baiti 64, kinachohamahama kila kiini kinapotaka kuandika. Ndiyo maana kerneli hukipa kila kiini daftari lake, na anayetaka jumla huyajumlisha yote.

Hapo ndipo pagumu. Ili kuongeza moja, msimbo hutambua kwanza uko kwenye kiini gani, hutafuta hesabu ya kiini hicho, huisoma, huiongeza, kisha huiandika. Katikati ya hatua hizo kazi inaweza kusimamishwa na kuhamishiwa kiini kingine. Ikiendelea, huandika kwenye daftari lisilo lake, na hesabu hupotea kimya kimya.

Basi usizipange hatua hizo mwenyewe. Tumia this_cpu_inc(). Kwenye prosesa za Intel na AMD inakuwa amri moja, kwa msaada wa rejista ya GS, inayoelekeza kwenye data ya kiini husika, na amri moja haikatwi katikati. Kwenye prosesa za ARM, zinazotumika katika simu karibu zote, kerneli huzuia kwanza kazi isihamishwe, huongeza, halafu huachia. Ili kuepuka hatua hizo, kuna pendekezo kwamba kila kiini kiwe na jedwali lake la kurasa, yaani ramani ya anwani za kumbukumbu, ili anwani ile ile ifikishe kila kiini kwenye hesabu yake. Nalipenda, ingawa kuyaweka sawa majedwali mengi ni kazi nzito.

Ukiwa na hatua kadhaa juu ya data hiyo, anza na get_cpu_var(), inayozuia kazi isihamishwe, umalize na put_cpu_var(). Katikati yake usiite chochote kinachoweza kusubiri.

Ukitaka kujionea hesabu za kila kiini, fungua kompyuta mpakato yenye Linux uandike cat /proc/interrupts. Kila kiini kina safu yake. Bonyeza vitufe kadhaa, urudie amri: mara nyingi mstari wa i8042 unaoanza na 1, ambao ni wa kibodi, utakuwa umepanda kwenye safu moja tu.