Mbayuwayu wa Ruangwa wamekwenda wapi?

Swali: Msimu wote wa mvua mbayuwayu walijaa kwenye nyaya za umeme huku kwetu Ruangwa, hata njiani kwenda Nachingwea. Aprili inakwisha, hatuwaoni. Wamekufa?

Jibu: Hawajafa, ndugu msomaji. Wale wenye koo jekundu na mkia mrefu wa panda ni wageni wetu. Wamerudi Ulaya na Asia kuzaa. Kule sasa baridi inapungua, mchana unarefuka na wadudu wanaibuka. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini wengi wao huvuka jangwa la Sahara! Mmoja aliyevishwa pete mguuni Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kabla ya safari hula wadudu kwa wingi, wakiwadaka hewani juu ya mashamba.

Wataanza kurejea Septemba.

Lakini chungulia chini ya madaraja na mapaa. Mbayuwayu wenye michirizi myeusi kifuani huzaliana hapahapa Afrika, na viota vyao ni vya udongo. Tafadhali msivibomoe, na wakanyeni watoto wasivitupie mawe.