Herufi F Ilikuwa ya Nani?

Jina la Mendelssohn si geni kwetu. Maarusi wengi hutoka kanisani kwa muziki wake, na tuni ya ule wimbo wa Krismasi wa malaika waimbao ilitolewa katika muziki alioutunga mwaka 1840. Huyo ni Felix Mendelssohn, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1809. Lakini katika somo hili nataka kueleza habari za dada yake Fanny, aliyezaliwa mwaka 1805, ambaye sehemu kubwa ya muziki wake wa piano ilikaa gizani zaidi ya miaka mia moja.

Watoto hawa wawili walifundishwa nyumbani Berlin na walimu walewale. Fanny alipokuwa na umri wa miaka 13 alimpigia baba yake vipande 24 vya Bach kwa moyo, bila kutazama kitabu. Lakini mwaka 1820 baba yake alimwandikia barua kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, bali kwake yeye utakuwa pambo tu. Baba huyo hakuwa mtu mkali. Yeye ndiye aliyewalipa walimu. Alishika desturi ya matajiri wa wakati wake, kwamba si heshima mwanamke wa nyumba kubwa kuuza kazi ya akili yake.

Felix naye alimheshimu sana dada yake, hata akamwonyesha tungo zake apate shauri, lakini hakupenda achapishe. Nyimbo sita za Fanny zilitoka katika vitabu viwili chini ya jina la Felix. Mwaka 1842 Felix alikwenda kumwamkia Malkia Victoria huko London. Malkia akachagua wimbo mmoja katika vitabu hivyo akauimba, na Felix ikambidi aungame kwamba mtungaji ni dada yake.

Hata hivyo Fanny hakuacha kutunga. Aliolewa mwaka 1829 na Wilhelm Hensel, mchoraji, ambaye alimhimiza. Siku za Jumapili alikusanya waimbaji na wapigaji nyumbani kwake, na watu wengi wakaja kusikiliza. Mwaka 1841 alitunga mfululizo wa vipande vya piano uitwao Mwaka, kipande kimoja kwa kila mwezi na kimoja cha kumalizia, akavinakili juu ya karatasi za rangi mbalimbali, na mumewe akavitilia picha. Mwaka 1846, akiwa na miaka 40, ndipo alipoanza kuchapisha vitabu vya tungo zake kwa jina lake mwenyewe. Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 14 Mei 1847 alipatwa na kiharusi akiwa katika mazoezi ya muziki wa nduguye, akafa siku ileile. Felix alimfuata mwezi wa Novemba. Fanny aliacha tungo zaidi ya 450, nyingi zikiwa mswada tu. Ule mfululizo wa Mwaka haukuchapishwa mpaka 1989.

Sasa nifike kwenye Sonata ya Pasaka. Fanny aliitunga mwaka 1828, kisha haikujulikana ilipo. Mwaka 1970 mswada wake ulipatikana Paris. Juu yake palikuwa na herufi F na jina la Mendelssohn. Basi ikasemwa kwamba F ni Felix, na mwaka 1972 ikatolewa sahani ya santuri yenye jina lake. Wako wataalamu waliotia shaka, lakini bila kuuona mswada hawakuweza kuthibitisha.

Mwaka 2010 mwanachuoni wa Kimarekani, Angela Mace Christian, alipata ruhusa ya kuuona. Alikuwa na hoja tatu. Kwanza, Fanny mwenyewe aliitaja Sonata ya Pasaka kuwa ni yake katika maandiko yake ya mwaka 1829. Pili, mwandiko wa mswada ni wa Fanny. Tatu, nambari za kurasa zake ziliziba pengo la kurasa zilizokosekana katika daftari jingine la Fanny. Hoja moja peke yake ingeweza kubishiwa. Tatu pamoja zilikata maneno. Mwaka 2012 sonata hiyo ilipigwa hadharani Marekani kwa jina la Fanny, na tarehe 8 Machi 2017, Siku ya Wanawake, ikapigwa London.

Nimeisikiliza mara nyingi, nami nawashauri wasomaji waisikilize. Ina sehemu nne. Ya kwanza ni ya upole. Ya pili ni ya polepole, na ndani yake sauti moja yaanza, nyingine yaipokea kwa tuni ileile, kisha nyingine tena. Hapo utamtambua mtoto yule aliyemjua Bach kwa moyo. Ya tatu ni nyepesi. Ya nne ameandika ipigwe kwa kishindo, nami husikia humo tetemeko la nchi lililosimuliwa katika Injili ya Mathayo. Mwishowe yaingia tuni ya kanisani ya Mwana-Kondoo wa Mungu.

Labda mtu atauliza: sauti ni zilezile, basi jina lina faida gani? Faida ninayoiona ni hii. Muda sonata ilipokuwa ya Felix, ilikuwa nyongeza ndogo katika kazi zake nyingi. Ilipokuwa ya Fanny, watu walitambua kwamba msichana wa miaka 22 aliweza kazi kubwa namna hii, nao wakatafuta nyingine. Tena, tuangalie sababu ya kukosea: walioisoma ile F walikwisha kuamini kwamba mtungaji ni mwanamume. Ushahidi ulikuwamo katika karatasi ileile siku zote.

Kazi ya kufanya: chukueni daftari za nyimbo za kwaya yenu, mtazame ni nyimbo ngapi zisizo na jina la mtungaji, au zenye herufi moja tu. Waulizeni wazee waliokuwa wakiimba zamani, wanawake kwa wanaume, maadamu wangali hai. Kisha andikeni jina zima.