Hadithi yangu imepewa jina la mtu mwingine

*Ninaandika hadithi za mapenzi na kuzirusha WhatsApp na Facebook. Watu wanazipenda, lakini juzi nimeikuta moja kwenye grupu la Tunduma ina jina la mtu nisiyemjua. Niache kuziweka mtandaoni?*
*Mwandishi, Itumba, Ileje*

Usiache. Bila mtandao msomaji wa Tunduma asingekusoma kabisa. Shida ni kwamba amekusoma akidhani anamsoma mwingine. Hadithi inayotumwa kama ujumbe mtupu hunakiliwa kwa kidole kimoja, jina likaachwa. Basi lichomeke jina lako na namba ya simu katikati ya kila sehemu, mfano pale mke anapofumania, ambapo hakuna anayeruka mstari. Sehemu chache za mwanzo toa bure. Zinazobaki mtumie aliyelipa kwa simu. Hata shilingi 1,000 si haba.

Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, ila ushahidi uwe nao: tunza rasimu zenye tarehe, na sajili kazi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kuhusu huyo aliyejipa hadithi yako, piga skrinishoti kwanza (akishtuka atafuta), kisha mwandikie faragha. Akikaidi, peleka malalamiko hukohuko COSOTA.

Na kama unaiwazia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, soma masharti yake kabla hujarusha hata sura moja, ujue kama inapokea kazi iliyokwisha kuwekwa mtandaoni.