Mama Mja Mzito Aliye Mgeni: Swali Kutoka Meru

Ndugu yetu mmoja akaaye Meru atuuliza: wanawake wa Kiborana na wa Kisomali waliohamia huko kutoka pande za Isiolo huchelewa kupelekwa hospitali washikwapo na uchungu, na mmoja akifa watu husema, "Amekufa shahidi," yakaisha. Je, ni sawa?

Twajibu. Kwamba mwanamke afaye kwa uzazi huhesabiwa katika mashahidi, hilo limo katika Hadithi aliyoipokea Abu Dawud, wala hatulikanushi. Lakini aliyezama majini naye yumo katika Hadithi iyo hiyo, na hatujapata kumwona mtu wa pwani akimwacha mwanawe azame ili apate daraja hiyo!

Natutazame sababu. Wengi wa watu hawa ni wana wa waliopoteza ngamia na ng'ombe katika vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, au wamehamishwa na ukame wa 2020 hadi 2023. Kwa hesabu iliyotokana na sensa ya 2009, Mandera walikufa mama 3,795 kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, hali katika nchi nzima hawakufika 500. Kutoka damu na shinikizo la damu humuua Mmeru kama zimuuavyo Msomali. Ila huyu wa kwanza hospitali i karibu naye, na muuguzi ajua lugha yake.

Tena kuna karatasi. Wasomali walihojiwa na kamati miaka mingi kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Rais alipotangaza Februari 2025 kuuondoa utaratibu huo. Na tangu Oktoba 2024 mpango wa Linda Mama, usiodai mchango, umeondoka. Mahali pake pana bima ya SHA, itakayo kuandikishwa, na mchango wa nyumba usiopungua shilingi 3,600 kwa mwaka.

Hayo ni ya serikali. Yetu je? Mume azuiaye mkewe asiguswe na tabibu mwanamume, hali tabibu mwanamke hakupatikana, hana hoja. Mafakihi wameruhusu kwa dharura, kwa kadiri ya haja. Na wale wawakatao binti zao na kuwashona, wakaja kuzaa kwa taabu kubwa, wasiisingizie dini. Hiyo ni ada ya kale.

Waulizao kama zaka yafaa kumlipia mama huyu mchango wake, twasema yafaa, akiwa fukara au maskini; wote wawili wametajwa katika mafungu manane. Apewe mkononi, au amwakilishe mtu amlipie. Na apewe mapema, si usiku wa uchungu, kwani mama hutakiwa aonwe mara nane kabla ya kuzaa.

Swali lake la pili, juu ya kumsalia mtoto azaliwaye maiti, tutalijibu toleo lijalo, inshallah.