Makao ya Wanyama Katika Ardhi ya Vijiji: Masasi na Newala

Makao ya mnyama ni mahali apatapo chakula, maji, maficho na nafasi ya kuzaa. Kimojawapo kikikosekana, mnyama huhama au hufa, hata kama hapana aliyemwinda. Katika nchi ya Masasi na Newala sehemu kubwa ya makao hayo imo katika ardhi ya vijiji, nje ya mapori ya akiba, na utunzaji wake umo mikononi mwa wanakijiji.

Uwanda wa juu wa Makonde, ulipo mji wa Newala, una udongo wa kichanga unaonyonya mvua upesi. Maji hutokeza chini, kwenye chemchemi za miteremko. Hata hivyo uoto wake wa asili ni vichaka vilivyosongamana, ambavyo Mjerumani Karl Weule alivieleza baada ya kufika Newala mwaka 1906. Clement Gillman, katika makala yake ya mwaka 1945, alichunguza namna Wamakonde walivyolima humo: kichaka kilifyekwa, shamba likalimwa misimu michache, kisha likaachwa lipumzike. Visiki vilichipua, kivuli kikarudi, na pamoja nacho wanyama wadogo wa vichakani kama paa, komba na sange.

Mkorosho ulibadili mzunguko huo. Mti huu hukaa shambani miongo mingi, na ardhi iliyopandwa hairudi tena kuwa kichaka. Haufai kulaumiwa, maana ndio unaowasomesha watoto wa Newala. Lakini vichaka vikubwa sasa vimebaki zaidi kwenye magenge na miteremko.

Chini ya uwanda, upande wa magharibi, ni Masasi: nchi ya miombo na milima ya mawe iliyosimama pekepeke. Pori la Akiba la Msanjesi lina kilomita za mraba zipatazo 210. Lile la Lukwika-Lumesule, ambalo sasa limo Nanyumbu, wilaya iliyomegwa kutoka Masasi, lina 444 hivi. Kwa tembo maeneo hayo ni madogo mno. Thamani yake ni kuwa yako njiani kati ya Mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake ni hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, na mapori ya Selous upande wa kaskazini. Kati ya pori na pori mna vijiji na mashamba. Njia hiyo ikizibwa, kila pori litabaki kama kisiwa.

Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa vijiji kutenga maeneo yao ya hifadhi, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2002. Katika ukanda huu wa kusini kijiji huchagua askari wa wanyamapori wa kijiji, na kule Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kuna chuo cha kuwafundisha. Hao ni wakulima wa kawaida wanaojitolea. Posho huja panapokuwa na fedha.

Kazi yao inayojulikana zaidi ni doria dhidi ya ujangili. Kwa mwanafunzi wa biolojia, hata hivyo, kazi yenye mafunzo mengi ni ile ya moto. Mvua za huko ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi Mei na Juni nyasi bado zina unyevu. Moto unaowashwa wakati huo huenda polepole, huacha mabaka yasiyoungua, na miche mingi huokoka. Mwezi Septemba na Oktoba kila kitu kimekauka. Isitoshe, miti ya miombo hutoa majani mapya kabla ya mvua, kwa kutumia chakula ilichoweka akiba. Moto ukija hapo huunguza majani ambayo mti umekwisha kuyagharimia. Ndiyo sababu wanaojitolea husafisha njia za kuzuia moto na kuchoma nyasi mapema, kwa zamu na kwa mpango. Mwenye mikorosho naye hufaidika, kwani moto wa Oktoba hukuta korosho zikianguka.

Tembo ni jambo gumu zaidi. Hufuata mazao usiku, hasa yanapokaribia kuvunwa. Kinga mojawapo ni kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu: kapsaisini iliyomo katika pilipili huwasha pua ya tembo, na oili huzuia mvua isiioshe upesi. Dawa hiyo hufifia na hupakwa upya mara kwa mara. Mtu anayelinda njia ya tembo mara nyingi ndiye mwenye shamba lililo karibu na njia hiyo. Kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho akiharibiwa mazao, nacho si fidia kamili. Anayepanga kazi hizi bila kuhesabu usiku wa mkulima huyo amekosea hesabu.

Shule inaweza kuchunguza sehemu ya jambo hili. Kwa idhini ya serikali ya kijiji, wanafunzi wachague mahali palipochomwa mapema na mahali palipoungua Oktoba, wapime katika kila mahali viwanja kumi vya mita 2 kwa 2, na kuhesabu miche iliyo hai mwezi Januari. Viwanja vichaguliwe kwa kura, ili jicho lisipendelee mahali penye kijani. Hesabu irudiwe mwaka unaofuata katika viwanja vilevile.